Kukarabati na Kuboresha Mashua Kuukuu ya Abiria Lamu: Mwongozo Kamili, kutoka Mkuku hadi Cheti

Kisiwani Lamu mashua ndiyo basi. Anayekwenda Mokowe kupanda gari la Mombasa, anayevuka Manda kuwahi ndege, mgonjwa anayeletwa hospitali ya mji kutoka Siyu au Kizingitini, wote husafiri juu ya mbao ambazo mara nyingi hazizidi inchi moja kwa unene, na nyingi kati ya mashua hizo zimekwisha kupita umri ambao fundi wake alizikusudia. Kuunda mashua mpya ni gharama kubwa, na mbao nzuri za kuundia zinazidi kuadimika. Kwa hiyo mwenye mashua kuukuu hufanya moja kati ya mambo mawili: huikarabati kwa mpango, au huipaka rangi, akaifunga mashine kubwa zaidi na kuirudisha kazini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule wa kwanza, na kwa kumwomba huyu wa pili abadili nia.

Kazi ya kufufua chombo cha abiria kilichozeeka imefanywa kwa uangalifu mkubwa na wenye treni za chini ya ardhi. Behewa la treni hizo hukusudiwa kutumika kwa miongo mingi, na katikati ya umri wake huingizwa karakana, likavuliwa viti, sakafu, nyaya na mota hadi likabaki gamba, ndipo wahandisi wakaamua kama gamba hilo linastahili kutiwa vitu vipya. Katika Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, treni zilizoundwa mwaka 1938 kwa ajili ya London ziliendelea kubeba abiria hadi Januari 2021. Zilizoshika nafasi yake nazo hazikuwa mpya: ni mabehewa yaliyokuwa yakitumika katika njia ya District ya London, ambayo miili yake ya alumini ilikutwa ingali mizima, ikawekewa mitambo mipya. Utaratibu huo ndio ninaoutetea hapa kwa mashua zetu: mwili kwanza, mitambo baadaye, mapambo mwisho. Ukiugeuza, utaweka mashine mpya juu ya ubao uliooza, na siku ubao huo utakapoachia utapoteza vyote viwili, na huenda ukapoteza na watu.

Hatua ya kwanza: kuchagua majira na maji

Kazi hii haianzi siku fedha zinapopatikana. Huanza siku bahari inaporuhusu. Kipindi cha kusi, hasa miezi ya Juni na Julai, bahari huwa kali na safari hupungua, kwa hiyo mashua kukaa pwani miezi miwili hakumuumizi sana mwenyewe. Tatizo ni kwamba mwanzo wa kusi huja na mvua za masika, na mbao zilizolowa hazipokei rangi wala gundi. Mpango unaofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuipandisha mashua mvua zinapoanza kupungua, kufanya kazi ya useremala katika siku za mawingu, na kuacha rangi na kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, zifanywe Agosti na Septemba wakati jua limetengemaa. Hivyo mashua hurudi majini kabla ya kaskazi, ambayo ndiyo majira ya wageni na ya mapato.

Ukishachagua mwezi, tazama mwezi wa angani. Bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, huja siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na pwani yetu tofauti kati ya maji makuu na maji madogo wakati huo huzidi mita 3. Mashua hupwelezwa kwa maji makuu ya bamvu, ikasogezwa juu kadiri inavyowezekana, ili maji ya siku zinazofuata yasiifikie. Ukikosa bamvu moja, ngoja jingine. Usikubali kuiacha chini mahali ambapo maji huifikia kila siku ukisema utafanya kazi maji yakipwa, kwa sababu mbao hazitakauka na fundi atakimbizana na saa.

Tia gadi, yaani nguzo za kuiegemeza mashua isilale, pande zote mbili, si chini ya tatu kila upande kwa mashua ya mita 8 hadi 10, na kila gadi ikae juu ya kipande cha ubao ili isizame mchangani. Mkuku nao, yaani gogo la chini linalobeba mashua nzima, uegemezwe juu ya magogo katika sehemu nyingi, maana mashua nzito ikikaa juu ya magogo mawili tu, ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma), uti wake hulegea katikati, nayo ikikarabatiwa katika hali hiyo itabaki na umbo hilo baya. Pima kwa kamba: funga uzi mwembamba kutoka mwisho wa mkuku upande wa omo hadi upande wa tezi, uukaze, na uangalie kama mkuku unaufuata uzi au umepinda. Andika kipimo hicho mahali pa kudumu, kwa sababu utakirejea tena kazi ikiendelea.

Hatua ya pili: kuvua kila kitu na kuuchunguza mwili

Ondoa mashine, tangi, nyaya, viti, paa, sakafu ya mbao na kila kilichopigiliwa juu ya mataruma, yaani miti iliyopinda ya ndani inayoshika mbao za mashua. Hapa ndipo wengi hufanya uvivu, wakaacha sakafu kwa kuwa inaonekana nzima, ilhali chini ya sakafu ndiko maradhi yaliko. Kwangua rangi ya zamani sehemu zote zinazotiliwa shaka. Baadhi ya rangi za kale zina madini ya risasi, kwa hiyo kwangua kwa kulowesha maji, vaa barakoa inayozuia vumbi, tandika turubai chini, na usiwaruhusu watoto kucheza hapo.

Jambo moja wasiolijua wengi ni kwamba maji ya chumvi si adui mkubwa wa ubao. Ukungu unaoozesha mbao hustawi katika maji baridi, yaani maji ya mvua yanayotuama. Basi usianze uchunguzi wako chini ya mashua, anza juu. Angalia vichwa vya mataruma vinapokutana na ukingo, ndani ya feuli (chumba cha kuwekea vitu), chini ya kipande chochote cha mabati kilichopigiliwa kuziba tundu, na hasa ubao mnene wa tezi unaobeba mashine. Matundu ya skrubu za mashine hupitisha maji ya mvua ndani ya ubao huo miaka na miaka, ukaoza kutoka ndani huku uso wake ukipendeza.

Vifaa vya uchunguzi ni viwili: nyundo ndogo na bisibisi yenye ncha. Gonga kila ubao kwa mwendo wa shibiri moja moja, usikilize. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu na nyundo hurudi, na ubao mbovu hutoa sauti nzito iliyokufa. Panapotia shaka chomeka bisibisi. Ikizama bila nguvu zaidi ya nusu sentimita, tia alama ya chaki. Rudia zoezi hili mara mbili, siku mbili tofauti, ikiwezekana na watu wawili tofauti, kwa sababu sikio huchoka.

Kisha shuka chini ya mkondo wa maji, yaani mstari ambao maji hufikia ubavuni, kumtafuta mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Huyu ni mdanganyifu. Huingia akiwa mchanga kabisa, akaacha nje kitundu kama cha sindano, halafu hukua ndani na kuchimba mifereji mipana kama kidole, iliyopakwa kitu cheupe mithili ya chokaa. Ubao unaweza kuonekana una vitundu vinne nje na ndani ukawa mtupu. Palipo na vitundu vingi toboa kwa keekee nyembamba na uangalie unga unaotoka: unga mkavu wa rangi ya mbao ni salama, na utupu au uji mweupe ni dalili ya ubao wa kutolewa. Mdudu huyu hawezi kuishi nje ya maji kwa muda mrefu, hivyo wiki kadhaa za kukaa pwani zitamuua, lakini hazitaurudisha ubao alioula. Angalia zaidi upande wa chini wa mkuku, ambao husuguliwa na mchanga kila mashua inapopwelewa na rangi yake huwa imekwisha siku nyingi.

Baada ya mbao ni misumari. Pale ubao unapoonyesha doa jeusi au jekundu kuzunguka kichwa cha msumari, kutu ya chuma imekwisha kuudhoofisha ubao wenyewe. Ng'oa misumari michache ya majaribio katika sehemu mbalimbali: omo, katikati, tezi, karibu na mkuku. Ikiwa shina la msumari limebaki nusu ya unene wake, hesabu kwamba sehemu yote hiyo itapigiliwa upya. Mwisho, pitisha mkono na tochi kwenye kila taruma, hasa pale linapokunja kona kutoka chini kuelekea ubavuni, maana mpasuko huanzia hapo.

Chora mashua yako kwenye karatasi kubwa, ubavu wa kulia na wa kushoto, ukipa kila ubao na kila taruma nambari, na uandike ulichokikuta. Piga picha pia. Michoro na picha hizo zitakufaa kwa fundi, kwa mkaguzi, na kwa atakayeikarabati mashua hiyo baada yako.

Hatua ya tatu: kuamua

Sasa kaa na fundi asiyekuwa na haja ya kukufurahisha. Mafundi wa Matondoni, Kizingitini na Faza wamerithi elimu hii kizazi kwa kizazi, na mzee aliyeunda vyombo maisha yake yote ataisoma michoro yako kwa muda mfupi. Muulize kwa adabu, na ukishamuuliza, msikilize. Kwa ujumla, mashua ambayo mkuku wake ni mzima na ambayo mataruma mabovu hayafiki nusu inastahili kukarabatiwa. Ambayo mkuku umeliwa, fashini (nguzo ya mbele au ya nyuma inayoungana na mkuku) imeoza na ubavu umepoteza umbo, hiyo ni mashua mpya inayosubiri kuundwa, na ni nafuu kuikubali hali hiyo mapema. Kati ya ncha hizo mbili kuna mashua nyingi ambazo hukumu yake ni ya fedha. Hapo nashauri makadirio ya useremala yaongezwe theluthi moja, kwa kuwa ubao mmoja ukitolewa hufichua mwingine.

Hatua ya nne: useremala

Kanuni kubwa kuliko zote katika hatua hii ni kutokuitoa mifupa yote kwa pamoja. Mataruma ndiyo yanayoishika mashua katika umbo lake; ukiyatoa kumi kwa mara moja, mbavu zitatanuka au zitabanana, na hutaweza kuzirudisha. Toa taruma moja, weka jipya, lipigilie, kisha ruka moja uende la tatu. Ukimaliza mzunguko huo ndipo urudi kwa yale uliyoyaruka. Kila baada ya siku chache rudia kipimo cha uzi wa mkuku.

Taruma bora ni lile lililokatwa kutoka tawi lililokua likiwa limepinda, kwa sababu nyuzi za mti hufuata umbo lote na hazikatiki katikati. Mkomafi na mlilana ndiyo miti ya mikokoni iliyozoeleka kwa kazi hii, na kwa mbao za ubavuni mbambakofi na mvule zina sifa ya kudumu majini. Mikoko haikatwi ovyo: ukataji wake unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, nawe unapaswa kununua kwa mtu mwenye kibali na kuhifadhi risiti. Hili nalisema kwa uzito wote, kwani msitu wa mikoko wa Lamu ndio mkubwa kuliko yote nchini Kenya, na chombo cha abiria kilichojengwa kwa kuuhujumu kinakula mbegu ya vyombo vya kesho.

Taruma lililopasuka lakini halijaoza linaweza kuachwa mahali pake na jingine likaongezwa ubavuni mwake, urefu wa kutosha kupita mpasuko kwa sentimita 40 au zaidi kila upande. Usiyabananishe mawili hayo kabisa. Acha upenyo wa kupitisha hewa, la sivyo maji yatatuama kati yake na yote mawili yataoza. Vilevile hakikisha vitobo vya chini ya mataruma vinavyopitisha maji kwenda ngama, yaani sehemu ya chini kabisa yanapokusanyika maji, viko wazi. Fundi mwema huvitengeneza, na uchafu wa miaka huviziba.

Mbao za ubavuni hukatwa hadi zifike sehemu nzima, si hadi ilipoishia alama ya chaki. Kiungo kati ya ubao wa zamani na mpya kikatwe kwa mshazari mrefu, angalau mara nane ya unene wa ubao, au kama ni kiungo cha ncha kwa ncha kiwekewe ubao wa kukishika kwa ndani, katikati ya mataruma mawili na si juu ya taruma. Viungo vya mbao jirani visikae mstari mmoja. Achanisha kila kiungo na mwenzake kwa nafasi mbili au tatu za mataruma. Kabla ya kuufunga ubao, paka rangi ya msingi pande zake zote, hata zile ambazo hazitaonekana tena kwa miaka ishirini ijayo.

Kuhusu misumari, tumia ile iliyozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa, yenye tabaka nene na kavu, si ile ing'aayo ya kupigilia paa. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba kuliko msumari, kisha zungushia kichwa chake nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta. Usichanganye shaba na chuma karibu karibu chini ya maji, kwa kuwa katika maji ya chumvi metali hizo mbili hugeuka kama betri na chuma huliwa haraka. Chuma kisichoshika kutu nacho, ambacho watu hukiona ndicho bora, huharibika kwa siri kikiwa kimefukiwa ndani ya ubao uliolowa usiopata hewa. Kitumike juu, kwenye vishikio na paa.

Wapo wanaoshauri kuivika mashua kuukuu nguo ya faiba na gundi juu ya mbao zote ili kuziba uvujaji kwa siku moja. Nawasihi wasomaji wasifanye hivyo. Ubao wa zamani umelowa ndani, huvimba na kusinyaa, na faiba haivimbi. Baada ya muda huachana na ubao, maji huingia katikati, na uozo huendelea mahali ambapo jicho halifiki tena. Faiba hufaa juu ya mbao zilizokauka kikamilifu tangu mashua ilipoundwa.

Hatua ya tano: kalafati, deheni na rangi

Upenyo kati ya mbao mbili uwe mpana kwa nje na ulioshikana kwa ndani, ili pamba ikigongwa ipate mahali pa kukaza bila kutokea upande wa pili. Pamba husokotwa, ikatiwa mafuta ya nazi au ya simsim, ikasukumwa kwa patasi butu na nyundo ya mti katika vishungi vidogo vinavyopandana. Kosa la mafundi wachanga ni kugonga kwa nguvu kupita kiasi wakati mbao zimekauka. Mashua ikirudi majini mbao zitavimba, na pamba iliyokazwa mno itazisukuma mbao hadi misumari ing'oke kutoka mataruma. Mkono wa kalafati hujifunzwa kwa kukaa karibu na anayeujua. Maandishi hayawezi kuutoa wote.

Juu ya pamba hutiwa mchanganyiko wa chokaa na mafuta, na chini ya mkondo wa maji wazee wetu hupaka deheni, yaani chokaa kilichochanganywa na shahamu au sifa, yaani mafuta ya papa. Deheni ni nafuu na inafaa, ila huhitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache. Rangi ya dukani ya kuzuia wadudu na chaza hudumu zaidi lakini ina sumu, hivyo ipakwe chini ya maji tu, kwa glavu, na mabaki yake yasimwagwe ufukweni. Ukichagua moja, baki nayo, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta.

Hatua ya sita: mashine

Mwili ukishatengemaa ndipo tuzungumze nguvu. Katika njia ya Central ya London, treni zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinabadilishiwa mota za mkondo mnyoofu (DC) na kuwekewa za mkondo geu (AC), ambazo hazina brashi za kuchakaa na huharibika kwa nadra. Kinachotafutwa ni treni isiyokwama. Mwenye mashua aibebe fikra hiyohiyo dukani. Mashine kubwa mno huutikisa ubao wa tezi, huizamisha tezi na kuinua omo, na humpa nahodha kijana kishawishi asichokihitaji.

Mashine ya mipigo minne hula petroli kidogo kuliko ya mipigo miwili na haichomi mafuta ya kulainisha pamoja na petroli, ingawa ni nzito na matengenezo yake yanahitaji fundi aliyesomea. Ukibaki na ya mipigo miwili, changanya mafuta kwa kipimo cha kitabu cha mashine, ambacho kwa nyingi ni lita 1 ya mafuta kwa lita 50 za petroli, na upime kwa chombo, si kwa jicho. Unapoifunga, bamba lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya mashua au sentimita 2 hadi 5 chini yake. Likiwa juu zaidi propela itavuta hewa, likiwa chini zaidi utakokota maji bure. Kwa safari ndefu za kwenda Pate na Kiwayu, mashine ndogo ya akiba si anasa.

Mota ya umeme inastahili kufikiriwa kwa njia fupi. Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni takriban kilomita 3. Mota inayotumia kilowati 4 kwa nusu saa hutumia yuniti 2 za umeme, na betri ya volti 48 yenye ampea-saa 100 hubeba yuniti 4.8, kwa hiyo kwenda na kurudi kunawezekana kukiwa na akiba ndogo, kisha betri ichajiwe. Chagua betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma, ambazo haziwaki moto upesi kama za aina nyingine. Kwa Kizingitini hesabu hiyo haifiki bado, na anayekuahidi vinginevyo mwambie aionyeshe kwa namba.

Tangi la petroli likae mahali pa wazi penye hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutelemka na kujikusanya kwenye ngama, ambako cheche moja ya pampu inatosha kuuwasha. Usijaze mafuta abiria wakiwa ndani. Kizima moto cha unga kiwe karibu na mkono wa nahodha, si nyuma ya tangi.

Hatua ya saba: umeme, pampu na taa

Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, za kutumika baharini. Za nyumbani hugeuka kijani ndani ya ganda lake katika msimu mmoja. Betri ikae juu ya usawa wa ngama na ifungwe isihame, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri ili waya wote ulindwe. Weka pampu ya umeme yenye swichi ya kuelea, pampu ya mkono, na ndoo. Vyote vitatu. Taa nyekundu hukaa ubavu wa kushoto ukielekea omo na ya kijani kulia, kila moja ikionekana kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 112.5 upande wake, na taa nyeupe inayoonekana pande zote ikae juu.

Hatua ya nane: mahali pa abiria

Hapa mwenye mashua hutaka uzuri, nami sina ubaya na uzuri, lakini uzito ukipanda juu mashua huyumba na kuchelewa kurudi. Paa la mbao linalobebeshwa mizigo ni hatari isiyo na sababu. Turubai juu ya mabomba mepesi hutoa kivuli kilekile. Mbavu chini ya paa ziachwe wazi, bila mapazia yaliyofungwa, kwa sababu mashua ikipinduka mtu aliyevaa jaketi la kuokolea husukumwa juu na kunaswa chini ya paa, na njia yake ya kutoka ni ubavuni.

Viti viwe vya mbao zenye nafasi. Godoro la sponji hunyonya maji na, likishika moto, hutoa moshi wenye sumu. Mnamo 18 Februari 2003, katika treni ya chini ya ardhi ya Daegu, Korea Kusini, moto uliowashwa na mtu mmoja ulienea kwa kasi kwa kuwa viti na vitu vya ndani viliwaka kwa urahisi, na watu 192 walifariki. Mashua yenye petroli ndani haina sababu ya kujiwekea hatari hiyo.

Majaketi, pamoja na ya watoto kwa vipimo vyao, yakae juu ya viti au chini yake bila kufungwa kwa kufuli wala kufunikwa na magunia. Tengeneza ubao mpana wa kupandia wenye vizuizi vya kuteleza na kishikio cha mkono upande mmoja, na uache nafasi moja isiyo na kiti karibu na mlango kwa mtu wa kiti cha magurudumu au mgonjwa aliyelazwa. Maji yakipwa, gati huwa juu sana na mama mzee aliyevaa buibui hushushwa kwa kushikwa mikono na wanaume asiowajua. Hilo tunaweza kuliondoa kwa ubao na kamba.

Hatua ya tisa: majaribio na cheti

Mashua ikirudi majini itavuja siku ya kwanza na ya pili mpaka mbao zivimbe. Mtu alale ndani yake na pampu. Uvujaji usiopungua baada ya siku nne au tano utafutiwe chanzo. Kisha fanya jaribio la uzito bila abiria. Kila abiria hesabu kilo 75, kwa hiyo abiria 20 ni kilo 1,500, sawa na mifuko 30 ya kilo 50 ya mchanga. Ipime kwa mizani, maana gunia la mahindi la kilo 50 likijazwa mchanga huzidi uzito huo sana. Panga mifuko kwenye viti, pima kwa rula umbali kutoka maji hadi ukingo pande zote, halafu hamisha theluthi yake upande mmoja, kama abiria wanavyokimbilia upande mmoja wanapoogopa, na upime tena. Ukingo ukikaribia maji, punguza idadi ya abiria hata kama mashua ina nafasi ya kukaa.

Halmashauri ya usafiri wa baharini ya Kenya, KMA, ndiyo yenye jukumu la ukaguzi na leseni za vyombo hivi, chini ya Sheria ya Usafirishaji Baharini ya mwaka 2009. Usimsubiri mkaguzi hadi rangi ikauke. Mwite au mpelekee picha wakati mataruma yako wazi, umwonyeshe michoro yako, ili akishauri jambo liwe bado linawezekana. Idadi ya abiria atakayoiandika ichorwe kwa rangi ubavuni, kwa herufi ambazo abiria mwenyewe anazisoma kabla ya kupanda.

Baada ya mwezi mmoja wa kazi, chagua bamvu jingine uipweleze kwa maji mamoja tu. Kaza upya skrubu za ubao wa tezi, angalia kila kiungo kipya kwa bisibisi ileile, kalafati palipolegea, andika tarehe na ulichokikuta kwenye daftari la mashua, na daftari hilo likae ndani ya feuli kwenye mfuko usiopitisha maji.